Skrini Isomeke Juani: Utando Mwembamba na Uhai wa Mgonjwa

Miaka mingi iliyopita, nikiwa tabibu kijana katika zahanati moja ya pwani, mama mmoja alinijia barazani akiwa amempakata mtoto wa miezi minane aliyekuwa akihema kwa shida. Chumba cha uchunguzi kilikuwa kimejaa na umeme ulikuwa umekatika, basi nikampima mtoto palepale nje, saa sita mchana, jua likiwa utosini na ukuta wa chokaa ukimemeta mbele yetu. Nilimfunga kihisio mguuni, nikakishika mkononi kifaa cha kupima oksijeni, nikasoma 98. Nikamwambia, "Oksijeni yake ni nzuri, mama. Nitakupa dawa ukampe nyumbani."

Mama hakuondoka. "Daktari," akasema, "hebu mtazame tena. Mtoto huyu si yule wa jana." Kisha akanyanyua upindo wa khanga yake, akakitilia kivuli kile kifaa. Nikainama, nikasoma upya. Tarakimu zilikuwa 88.

Msomaji aliye muuguzi anajua uzito wa tofauti hiyo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unatutaka mtoto mwenye kikohozi ambaye oksijeni yake imeshuka chini ya asilimia 90 apelekwe hospitali bila kuchelewa. Msomaji aliye mgonjwa naye na ajue jambo moja la kushangaza: katika tarakimu zinazoundwa kwa vijiti saba vya mwanga, 8 na 9 hutofautiana kwa kijiti kimoja tu, kile cha chini kushoto. Kijiti hicho kilikuwa kimemezwa na mwanga wa ukuta mweupe, ulioakisiwa na uso wa skrini iliyochakaa kwa kufutwafutwa. Mtoto alipelekwa hospitali siku ileile, akawekewa oksijeni, akapona. Kihisio hakikuwa na kosa, wala betri, wala hesabu iliyofanywa ndani ya kifaa. Kilichotukosesha ni uso wa nje, sehemu ambayo hakuna aliyeiulizia kifaa kiliponunuliwa.

Nimelikumbuka tukio hilo kwa sababu tumeingia katika zama za skrini nyumbufu, yaani skrini zilizojengwa juu ya plastiki au juu ya kioo chembamba mno, ambazo hupindika na hata kukunjwa pasipo kuvunjika. Zimo katika simu za kukunjwa na katika saa za mkononi zinazohesabu mapigo ya moyo, na wahandisi wanazifanyia kazi ili zivaliwe mwilini kama bendeji. Kwetu sisi zina mvuto wa pekee: ni nyepesi, na ile iliyojengwa juu ya plastiki haipasuki vipande vipande kama kioo ikianguka sakafuni. Hoja yangu katika makala haya ni moja. Skrini itakayotumika katika kazi ya afya isipimwe kwa uzuri wake siku inapotoka kwenye boksi, bali kwa jinsi inavyosomeka juani baada ya kukunjwa na kufutwa kwa dawa mara maelfu. Jambo hilo huamuliwa na utando wa juu kabisa, ulio mwembamba kuliko unywele, na ni wajibu wetu kuudai uwe bora.

Tuanze na mwanga wenyewe. Kila mwanga unapotoka hewani na kugonga kioo, takriban asilimia 4 yake hurudi ulikotoka. Plastiki kadhaa zinazotumika katika skrini nyumbufu hupinda mwanga zaidi ya kioo, na kwa hiyo huakisi zaidi, kiasi cha asilimia 5 au 6. Ndani ya skrini mna nyuso nyingine zinazoakisi, na watengenezaji wana mbinu zao za kuzizima. Hapa nazungumzia uso wa nje peke yake.

Asilimia 4 yaonekana kuwa kitu kidogo, lakini tuipigie hesabu. Anga angavu lenye mawingu meupe laweza kuwa na mng'ao wa kandela 10,000 kwa kila mita ya mraba. Asilimia 4 ya hizo ni 400. Skrini ya kifaa cha kawaida hutoa kandela 300 hivi mahali palipo peupe. Basi ukiitazama skrini hiyo huku anga likijiakisi juu yake, sehemu iliyopaswa kuwa nyeusi ina mng'ao wa 400, na ile nyeupe ina 700. Nyeupe haizidi nyeusi hata mara mbili. Maandishi yanaonekana kama yameandikwa kwa chaki juu ya ukuta wa kijivu. Utando ukipunguza uakisi hadi asilimia 1, nyeusi inakuwa 100 na nyeupe 400, nyeupe ikiizidi nyeusi mara nne. Kifaa ni kilekile, betri ni ileile. Kilichobadilika ni ngozi yake tu.

Namna ya kupunguza uakisi inajulikana tangu zamani. Mwaka 1886 Lord Rayleigh wa Uingereza aligundua kwamba kioo kilichofubaa kwa uzee kilipitisha mwanga mwingi kuliko kioo kipya. Ile kutu nyembamba juu yake ilikuwa kama kidaraja kati ya hewa na kioo. Mwaka 1935 Alexander Smakula, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Zeiss huko Jena, Ujerumani, alivumbua njia ya kuzipaka lenzi tabaka jembamba ndani ya ombwe. Kanuni yake ni rahisi kuieleza. Tabaka likiwa na unene wa robo ya urefu wa wimbi la mwanga, mwanga unaorudi kutoka juu ya tabaka na ule unaorudi kutoka chini yake hukutana ukinzani, mmoja ukiuzima mwingine. Kwa floridi ya magnesiamu na mwanga wa kijani, unene huo ni nanomita 100 hivi, ilhali unywele wa binadamu una nanomita 70,000 au zaidi.

Hadithi inayotufundisha zaidi ni ya Katharine Blodgett, mwanamke wa kwanza kupata shahada ya uzamivu ya fizikia katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mwaka 1938, akiwa katika maabara ya General Electric huko Marekani, alipaka juu ya kioo tabaka 44 za sabuni ya bariamu, kila moja ikiwa na unene wa molekuli moja, na kioo kikaacha kung'aa hata kikaitwa kioo kisichoonekana. Ulikuwa ushindi mkubwa wa elimu. Hata hivyo, utando ule ulikuwa laini, ulifutika ulipopanguswa. Ulifanya kazi yake vyema ilimradi asiuguse mtu. Naomba msomaji auweke moyoni mfano huo, kwa kuwa vifaa vya hospitali huguswa kutwa kucha.

Lenzi za kioo zilipata ufumbuzi: floridi ya magnesiamu huwa ngumu na hushika barabara ikiwa kioo kimepashwa joto la nyuzi 300 hivi. Plastiki nyingi hulegea kabla ya kufika huko. Na hata utando ukishika, unangojwa na mtihani wa kukunjwa. Chukua karatasi ya plastiki yenye unene wa maikromita 50, uikunje kuzunguka duara lenye nusu kipenyo cha milimita 1.5, kama inavyotokea ndani ya simu ya kukunjwa. Uso wake wa nje utanyooka kwa takriban asilimia 1.7. Tabaka ngumu zinazofanana na kioo hupasuka zikinyooshwa kwa asilimia 1 au 2. Ndiyo kusema skrini hiyo hukaa ukingoni mwa ufa kila inapokunjwa. Ukipunguza unene wa karatasi kwa nusu, mnyooko nao hupungua kwa nusu. Ndiyo maana watengenezaji hushindania wembamba, na wengine hutumia kioo chenye unene wa maikromita 30 tu.

Hapa ndipo penye mgongano ambao mnunuzi hasimuliwi. Ili utando uakisi kidogo, inafaa uwe na hewa ndani yake; mbinu mojawapo ni kutumia chembe za silika zilizo tupu katikati kama maganda ya mayai. Lakini kilichojaa hewa hukwaruzika upesi. Ili utando usikwaruzike, unapaswa kushikamana na kuwa mgumu. Lakini kigumu hupasuka kinapokunjwa. Ili ukunjike, unapaswa kuwa na ulaini. Lakini laini huachia alama kucha, mchanga na kitambaa. Sifa hizo tatu huvutana, na kila anayeisifia moja peke yake ameficha mbili.

Maumbile yametoa mfano wa kuvutia. Jicho la nondo limefunikwa na vijinundu vidogo mno, vyenye vipimo vya nanomita 200 hivi, vinavyoubadilisha mpito kutoka hewani hadi jichoni uwe wa taratibu badala ya ghafla, na mwanga ukakosa pa kurudia. Wahandisi wameiga vijinundu hivyo juu ya plastiki na kupata uakisi mdogo kupindukia. Tatizo ni kwamba mafuta ya vidole hujaa katikati ya vijinundu, na msuguano huvivunja. Nondo hafutwi kwa klorini. Njia inayonipa matumaini zaidi ni ile ya mchanganyiko: tabaka ambazo ndani yake silika, iliyo ngumu, imefungamanishwa kwa kemia na nyuzi za kikaboni zinazonepa, zikitandazwa juu ya plastiki angavu, na juu yake likawekwa tabaka la kupunguza uakisi. Hazipati alama ya kwanza katika mtihani wowote mmoja, bali hufaulu mitihani yote mitatu kwa wastani. Katika kazi yetu, mwanafunzi wa namna hiyo ndiye wa kuajiriwa.

Sasa tuufikie mtihani wa nne, ambao ni wetu wenyewe: kitambaa cha muuguzi. Janga la korona lilipozuka mwaka 2020, Shirika la Afya Duniani lilishauri nyuso zisafishwe kwa maji ya klorini ya asilimia 0.1 au kwa spiriti ya asilimia 70 hadi 90. Palipomwagika damu, klorini hupandishwa hadi asilimia 0.5. Ushauri huo ni sahihi, na sina nia ya kuupunguza hata kidogo. Lakini plastiki ya akriliki ikipatwa na spiriti huota nyufa ndogondogo kama udongo wa mto uliokauka. Maji ya klorini yana asili ya magadi, na magadi huila silika polepole. Tupige hesabu nyingine. Skrini ikifutwa mara 10 kwa siku, kwa mwaka imefutwa mara 3,650, na kwa miaka mitano imefutwa mara 18,250. Tangazo la simu ya kukunjwa litakuambia imekunjwa na kukunjuliwa mara 200,000 katika maabara. Hiyo ni heri. Ila ni nadra tangazo kutaja ilifutwa kwa klorini mara ngapi, na uakisi wake ulikuwa kiasi gani baada ya hapo.

Wapo watakaosema ninakuza jambo dogo, na hoja zao zastahili kujibiwa. Wa kwanza husema: ongeza mwanga wa skrini. Mwanga ukiongezwa maradufu, nguvu ya umeme inayoliwa na skrini nayo hukaribia kuwa maradufu, na zile skrini zinazong'aa zenyewe bila taa ya nyuma huchakaa upesi zaidi. Kwa mhudumu aliye kilomita nyingi kutoka kwenye soketi ya umeme, huo si ufumbuzi. Wa pili husema: weka skrini yenye uso wa ukungu isiyong'aa. Uso huo hautoi mwanga nje ya jicho, huutawanya tu. Sura ya dirisha hupotea, lakini weupe hubaki umetanda skrini nzima, na vijistari vidogo huchezacheza juu ya herufi. Kwa kusoma namba kubwa yatosha. Kwa kutazama picha ya altrasaundi au ya eksirei, hapana. Wa tatu husema: bandika karatasi ya kinga ya sokoni. Karatasi isiyogusana vyema na skrini huongeza nyuso mbili nyingine za kuakisi. Na kwa skrini nyumbufu kuna onyo la wazi: mwaka 2019 uuzaji wa simu moja mashuhuri ya kukunjwa uliahirishwa kwa miezi, na sababu mojawapo ni kwamba baadhi ya waandishi waliopewa simu za majaribio walibandua utando wa juu wakiudhani karatasi ya kufungia, na skrini zikaharibika. Utando ule ulikuwa sehemu ya skrini yenyewe.

Wa nne ndiye mwenye hoja nzito. Husema: nchi zetu zina upungufu wa dawa na watumishi, kuna anasa gani hii ya kuzungumzia utando? Namjibu kwamba fedha tayari zinatumika. Septemba 2023 Kenya ilizindua huduma ya wahamasishaji wa afya ya jamii 100,000, waliopewa mikoba ya vifaa pamoja na simu. Zanzibar, mpango wa Jamii ni Afya umewapa wahudumu wa kujitolea simu za kuwaongoza wanapotembelea kaya. Watu hawa hawafanyi kazi katika chumba chenye mapazia. Hufanya kazi chini ya mwembe, uani, kandoni mwa barabara. Skrini isiyosomeka huko ni fedha iliyokwisha kutumika bila kuleta faida yake. Rahisi ni ghali, na ghali kuliko zote ni ile namba iliyosomwa vibaya.

Kuna tahadhari moja ambayo sisi wa taaluma ya afya tunapaswa kuwa wa kwanza kuitamka. Utando wa juu kabisa wa skrini nyingi, ule unaozuia alama za vidole, hutengenezwa kwa misombo ya florini, iliyomo katika jamii kubwa ya kemikali zisizooza kwa urahisi. Misombo ya jamii hiyo haina madhara sawa, na inayotumika katika skrini si ileile iliyothibitika kuwa hatari. Hata hivyo, mmoja wa ukoo huo, asidi iitwayo PFOA, mwaka 2023 uliwekwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani katika kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Haitafaa tudai utando unaodumu miaka mitano mkononi ukadumu karne kadhaa udongoni na katika maji ya visima. Uimara tunaoutaka ni wa kazi, si wa taka.

Je, tufanye nini? Kwanza, kamati za ununuzi ziandike katika zabuni maswali matatu, na zikatae jibu lisilo na tarakimu. Uso wa skrini unaakisi asilimia ngapi ya mwanga? Unaakisi asilimia ngapi baada ya kufutwa mara 10,000 kwa klorini na kwa spiriti zinazotumika wodini? Na kama skrini inakunjwa, vipimo hivyo vilichukuliwa kabla au baada ya kukunjwa? Muuzaji asiyeweza kujibu leo atajifunza kujibu kesho, akiona kwamba asiyejibu hauzi. Vyuo vyetu navyo vina maabara za fizikia na kemia. Kupima uakisi wa skrini kabla na baada ya kufutwa ni kazi inayowezekana kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na matokeo yake yangefaa kila wilaya.

Pili, wahudumu tusingoje zabuni. Soma namba muhimu mara mbili, mara ya pili ukiwa umekitilia kifaa kivuli au umekigeuzia upande wenye giza. Mtazame mgonjwa kabla ya kuiamini skrini. Nyunyizia dawa kwenye kitambaa, usinyunyizie kwenye skrini. Tumia kitambaa laini kisicho na mchanga, na dawa ikishamaliza muda wake wa kuua vijidudu, pangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi ili magadi yasiendelee kula. Usibandue wala usibandike kitu juu ya skrini inayokunjika bila kusoma maelekezo ya mtengenezaji. Na kifaa ambacho kona yake imefubaa kitolewe taarifa kama vile kimevunjika, kwa maana kwa mgonjwa aliye juani kimevunjika kweli. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Tatu, nawageukia wagonjwa na wanaowauguza. Mnayo haki ya kuonyeshwa namba inayoamua tiba yenu. Mkiona tabibu anakunja uso kuitazama skrini, msione haya kumwomba aitazame tena kivulini. Hamtakuwa mmemvunjia heshima, mtakuwa mmemsaidia.

Mama yule wa barazani hakujua lolote kuhusu robo ya wimbi la mwanga, wala jicho la nondo. Alijua kwamba mtoto wake hakuwa yule wa jana, na kwamba namba niliyomtajia haikufanana na alichokiona. Khanga yake ndiyo iliyokuwa utando uliokosekana kwenye kifaa changu. Wahandisi wana elimu ya kuutengeneza utando huo sasa. Kilichobaki ni sisi tunaonunua na tunaotumia kusema kwamba tunauhitaji, na kutokubali kifaa kinachong'aa dukani kikatuacha gizani penye jua.